Barua kwa mwanangu: kiti ni cha ofisi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unaniuliza ukubali ukurugenzi waliokupa au uukatae, kwa kuwa una miaka 52, usingizi unakatika saa tisa usiku, joto linakupanda katikati ya kikao, na kustaafu si mbali tena. Unataka neno moja. Mimi huwa sina neno moja, unanijua.

Nianze na ripoti yangu ya makabidhiano. Wewe ulishaolewa, lakini wadogo zako wanakumbuka meza ya kulia ilivyojaa mafaili mwaka wangu wa mwisho kazini. Niliandika kila kitu: mteja gani hulipa kwa kuchelewa, nani ofisini husemwa kwa upole, mkataba upi usomwe mara mbili kabla ya kutiwa saini. Baba yako, Mungu amrehemu, akawa anakula sebuleni, sahani magotini. Nikamkabidhi yule kijana aliyeshika nafasi yangu, ikiwa imejaladiwa vizuri.

Muda ukapita, tukakutana naye harusini, tukaketishwa meza moja. Nikamngoja aitaje. Kimya. Mwishowe nikamchokoza: ile ripoti inakusaidia? Akanimiminia maji kwa adabu zake zote, akasema, "Ripoti gani, mama? Sisi tulianza upya." Hakuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo paliponiuma. Njiani nililalamika mpaka baba yako akaniuliza, "Kwani ulitaka wakujengee sanamu?" Akacheka peke yake hadi nyumbani. Mpaka leo nikiliona neno makabidhiano gazetini, nafungua ukurasa mwingine.

Ndiyo maana nawaambia, hadi mnanikwepa: kiti ni cha ofisi. Ulikikuta, utakiacha, na atakayekikalia atakigeuza aelekee dirishani bila kukuuliza.

Sasa usidhani nasema kazi ni bure. Kazi ilinilea kama ilivyowalea ninyi. Tena yuko Rita Levi-Montalcini, yule mwanasayansi wa Italia ambaye baba yako alichoka kumsikia. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilimfungia milango ya chuo kikuu. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akawa anachunguza neva kwenye viinitete vya kuku, yaani vifaranga vikiwa bado ndani ya yai, wakati vita vinapiganwa nje. Mwaka 1986 akapewa Tuzo ya Nobeli, na alipofariki mwaka 2012 alikuwa na miaka 103. Kiti walimnyang'anya mapema kabisa. Alichokuwa anakitafuta hawakuweza kumnyang'anya. Kwa hiyo nikisema kiti ni cha ofisi, kazi yenyewe bado ni yako.

Lakini pia yule mama hakuolewa wala hakuzaa, na alikuwa na dada pacha waliyeishi pamoja hadi uzeeni. Wewe una watoto, una mama mkwe wa kumpeleka hospitali, na mume ambaye soksi zake bado zinatafutwa na wewe. Sijui kwa nini nakulinganisha naye. Basi, mwache.

Mwaka huohuo wa 1938, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatilia wanafunzi wake 268, wanaume watupu. Wake zao waliingizwa baadaye sana. Hilo linaniudhi, kwa sababu ningependa kujua yaliyowapata wanawake waliorudi kutoka kazini wakaanza kazi nyingine jikoni. Hata hivyo walichokiona hakinitoki kichwani: walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora wakifika 80, na hilo lilitabiri afya yao ya uzeeni vizuri zaidi kuliko kiwango cha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Wewe una 52. Kwa hiyo nami nakuuliza: Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, nani atakupigia simu bila kuhitaji saini yako?

Mimi alinipigia mmoja tu, yule mama yako wa pili niliyesoma naye. Miaka na miaka nilikuwa nikimjibu "nina kikao", naye akawa anarudi vilevile. Simu yake haikuwa ya pole. Alisema, "Mvivu, vaa viatu." Hajawahi kujua cheo changu kilikuwa kipi hasa, na ukimwambia leo atakitamka vibaya. Tukitembea naye nacheka mpaka mbavu zinauma.

Hayo ya mwili nitayasema haraka maana najua utakunja uso. Joto na usingizi huo mpelekee daktari. Kukoma hedhi kuna tiba, wala hakuna medali ya kuvumilia. Mifupa hudhoofika kwa kasi homoni zinaposhuka, na misuli hupungua kimyakimya usipoipa kazi. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa nguvu au mfano wake kila wiki, na walau siku mbili za mazoezi ya misuli. Sisi tuliovuka 65 tumeongezewa mazoezi ya kujisawazisha, siku tatu. Mama yako mdogo aliyadharau, na yale ya ngazini unayajua. Wewe unazo dakika za kila mtu isipokuwa zako. Ziandike kwenye kalenda ya ofisi kama kikao, na yeyote atakayetaka kuziingilia umwambie umebanwa.

Turudi kwenye ukurugenzi. Nikiwaza usiku wako wa saa tisa, nasema ukatae. Nikikumbuka ulivyokuwa unawapanga wadogo zako mstari na kuwafundisha hesabu kwa fimbo ya ufagio, nasema aukatae nani? Halafu nawaza tena kwamba hawajakuambia utapunguziwa nini, wamekuambia utaongezewa nini tu, na hapo napandwa na hasira na watu nisiowajua. Waulize hilo kwa maandishi. Kiti ni cha ofisi, lakini mgongo unaokikalia ni wako.

Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, na kulizuia kunanichosha. Silisemi, maana nikilisema utalifuata kisha utanilaumu, au utalipinga kwa sababu nimelisema mimi. Umesema wanakusubiri hadi Ijumaa. Wape jibu lako kwanza. Jumamosi nipigie, nitakuambia nililokuwa nalo.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako