Mafuta na kansa ya utumbo mpana: usiache yote

Pole sana ndugu yangu kwa mzee kukutwa na kansa ya utumbo mpana. Umeuliza kama uache mafuta kabisa isije ikakupata na wewe, mi nasema hapana.

Iko hivi, ukila mafuta mengi ini linamwaga nyongo nyingi kuyasaga, sasa inayobaki ikifika utumbo mpana bakteria wanaigeuza asidi zinazounguza ukuta wa ndani, seli zinaumia zinajijenga upya kila saa na hapo ndo DNA inapoanza kukosewa, vinaota vinyama wanaviita polipu na baadhi yake miaka inavyokwenda vinageuka kansa. Lakini Marekani walifuatilia wanawake karibu 49,000 kwa miaka kama 8, matokeo yakatoka 2006, waliopunguza mafuta kansa hii haikupungua kwao. Kwahiyo usijitese na kijiko cha mafuta ya kupikia, cha kubana ni soseji, bekoni na nyama zote za kusindikwa, gramu 50 tu kila siku zinapandisha hatari kwa kama 18%, nyama nyekundu nayo punguza. Samaki kula, maharage na mboga ndo usiache kabisa, na uzito uuangalie.

Ila kubwa ni kipimo, nakuomba sana. Kolonoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia ndani ya utumbo mpana, ufanye ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mzee, kinachotangulia. Ukiona damu chooni usingoje umri wowote, nenda hospitali.