Mguu unasemaje leo?

Nilivunjika kifundo cha mguu nikiwa na miaka 19, na tangu kilipounga nikawa mtabiri wa hali ya hewa wa nyumbani. Kikianza ule uchungu wa kuvuta, natangaza mvua. Mama hakuanika nguo bila kuniuliza: "Mguu unasemaje?" Nami nilijibu kwa majivuno yote.

Kilichoniharibia utabiri ni daftari. Binamu yangu mmoja, mbishi kweli, aliniambia niandike. Maumivu, kutoka 0 hadi 10, niyaandike asubuhi kabla sijafungua dirisha wala kugusa simu. Mvua niiandike usiku, tena ukurasa mwingine. Hilo la ukurasa mwingine niliona utoto, kumbe ndipo palipo na siri. Ukishayaona mawingu, kiungo kitauma tu. Changu kiliuma.

Baada ya miezi mitatu tulilinganisha kurasa. Asubuhi za 6 na 7 ziliishia kwenye mvua na kwenye jua karibu sawasawa. Kumbe asubuhi hizo zilikuja baada ya siku za kusimama muda mrefu na usiku wa kulala vibaya. Siku mguu ulipouma na jua likawaka, nilikuwa nimezisahau zote. Siku ulipouma na mvua ikanyesha, hata shati nililovaa naweza kukutajia.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 1996 watafiti Donald Redelmeier na Amos Tversky walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 wa baridi yabisi waliofuatiliwa kwa miezi 15: hawakuona uhusiano kati ya maumivu yao na hali ya hewa. Lakini usikimbilie kumcheka bibi yako. Mwaka 2019 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichambua taarifa za kila siku za watu zaidi ya 2,600, wakaona kwamba siku za unyevunyevu, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa huongeza maumivu kidogo. Kidogo kiasi gani? Kama uwezekano wako wa kuwa na siku mbaya ni 5 katika 100, siku kama hizo unakuwa 6. Hiyo si sababu ya kuacha nguo ndani.

Wengi husingizia huo mgandamizo, kwamba ukishuka kabla ya mvua, nyama za kiungo hutanuka. Huenda. Ila usawa wa bahari mgandamizo ni kama 1013 kwa kipimo kiitwacho hektopaskali, na hupungua takribani 1 kwa kila mita 8 unazopanda. Panda lifti hadi ghorofa ya kumi, umepoteza 3 hivi kabla hujamaliza kusalimiana na uliowakuta ndani. Kwenye ndege iliyo juu mgandamizo unaweza kushuka chini ya 800. Nimepanda ndege, kifundo kililala usingizi wa pono.

Kwa hiyo ushauri wangu ni daftari, kwa masharti ya binamu, angalau miezi miwili. Maumivu yako ni ya kweli, hilo halina ubishi; kinachochunguzwa ni kisingizio chake. Mimi baada ya kujua adui ni kusimama, nilianza kukaa kila baada ya muda na kuuzungusha mguu asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Hayo yamenisaidia kuliko kuchungulia mawingu.

Jambo moja sina mzaha nalo. Shangazi yangu alivimba kidole gumba cha mguu, chekundu, cha moto, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Siku tano alisema ni mvua inakuja. Lilikuwa jongo (gauti), na lina dawa. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni maambukizi, na hayo hula kiungo upesi.

Mama bado ananiuliza. Siku hizi namjibu namba tu: "Leo nne." Anatoka nje, anatazama juu, ndipo anaanika.