Kitabu Ulichokikuta Chini ya Mto

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, hapa Lamu sote hatujambo, ila punda wa jirani aliingia uani juzi akala asumini zangu zote, hata kikonyo hakubakisha.

Siku ya Idi ulipokuwa ukinitandikia kitanda ulikuta kitabu chini ya mto, jaladani pana msichana mwenye mkoba wa shule na upanga. Ukacheka, ukaniuliza: "Mama, kwa umri huu bado wasoma vitabu vya watoto wa sekondari? Huoni haya?" Nami nikakwambia nenda katazame wali usiungue. Wali ulikuwa mbali na kuungua. Nilikuwa natafuta la kusema, na nimelipata leo.

Haya naona, nisikufiche. Nikitoka na kitabu kwenda kukaa kwa shoga yangu hukivika gazeti kwanza. Lakini usidhani ni mimi tu. Kule Uingereza, walipoona wakubwa nao wamemnogea Harry Potter, wachapishaji wake Bloomsbury walitoa hadithi ileile, maneno yaleyale, kwa jalada jingine la kiutu uzima, ili mtu na suti yake akisome ndani ya treni asichekwe. Wao walikuwa na wachoraji. Mimi nina gazeti la juzi.

Tena nani aliyesema lililoandikiwa msichana ni la msichana peke yake? Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Je, wewe uliusikia kwa nani? Si kwa nyanyako, akiughani huku achambua mchele, bibi wa wajukuu kumi na mmoja asiye na mume wa kumtengezea wala mama wa kumuusia? Hukumuuliza kama aona haya. Ulikaa ukasikiliza.

Mimi shule niliacha kidato cha pili, hilo walijua. Wakati huo Ngome ilikuwa jela bado, mpaka mwaka 1984, nasi wasichana tulipita mlangoni mbiombio tumeinamisha macho. Ungeniambia siku moja nitaingia mle kwa hiari yangu, nikae na kitabu, ningekuona una wazimu. Leo mle ndani mna maktaba, na ukuta ule mnene wanipa baridi nisiyoipata nyumbani mwezi wa pili.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, niliisoma nikiwa na mimba ya mdogo wako. Kijana atoka Tanga, afika hadi Kitale kumtafuta babake. Nililia mpaka babako akafikiri uchungu umeanza. Baada ya hapo nikakaa miaka mingi bila kusoma kitu, kwa biashara na nyinyi watoto, na niliporudi kwenye vitabu nikajikuta narudi kwa wenye umri uleule: kumi na tano, kumi na sita. Riwaya za watu wazima nazijaribu. Lakini nyingi mtu akaa kurasa arubaini akijutia ndoa yake, na mimi majuto ya ndoa nayasikia bure kila alasiri hapa mtaani.

Wala si kwamba vya vijana vyote ni vitamu. Hawa wapendanao na majini wanyonya damu siwawezi. Na kila hadithi siku hizi lazima iwe vitabu vitatu, cha kati hakina kitu. Vyetu vya Kiswahili navyo wakati mwingine mwandishi ahutubu kama imamu, ukurasa wa mwisho mtoto mbaya apata ajali na mtoto mwema apata kazi. Kijana hasomi hayo mpaka alazimishwe na mtihani. Nipendacho mimi ni pale mtoto asimuliapo mwenyewe, "mimi", kwa mdomo wake, na mama yule wa hadithini aonekana kwa jicho la mtoto. Hapo ndipo penye dawa, nayo ni chungu.

Mwaka jana nilisoma The Outsiders. Aliyeiandika, S. E. Hinton, ni msichana wa Tulsa huko Oklahoma. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, ikachapishwa 1967, naye hajafika ishirini. Jina lake likafupishwa kwa herufi ili wasomaji wasijue kama hadithi ya magenge ya wavulana imetoka kwa msichana.

Miaka 15. Niliweka kitabu chini, nikakaa kitako pale ukumbini mpaka adhana ya magharibi.

Wakumbuka ulipokuwa kidato cha pili ulinyamaza mwezi mzima? Ukijibu "ndiyo" na "la" tu. Nikasema ni umri, utapita. Nikamwambia na shangazi yako, naye akaniambia nikusomee. Mwanangu, mimi nilijua. Si siku ileile, lakini nilijua baadaye. Lile daftari la jalada la buluu nililichukua juu ya kabati nikidhani ni la mwaka uliopita, nikalichana kufungia bajia. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili tatu nilipoona kuwa si hesabu wala si jiografia. Ilikuwa hadithi. Nikazisoma nimesimama, mafuta yachemka. Kisha wateja wakaja, nikafungia na hizo.

Sikukwambia kitu. Nilijiambia karatasi ni karatasi. Ilibidi nisome wasichana wa watu wakiwanung'unikia mama zao, kitabu baada ya kitabu, ndipo nikajua ule mwezi ulikuwa mwezi wa nini. Ndiyo maana nasoma vya umri ule. Wako sikuusoma ukaisha.

Ukija mwezi ujao niletee sehemu ya pili ya kile cha upanga, hapa haipatikani. Funga vizuri, boti ya Mokowe yarusha maji siku hizi.

Na zile karatasi mbili tatu: msichana alikuwa ameiba mashua ya ami yake, usiku, upepo wa kusi wavuma, aelekea Kiwayu. Nilipofikia ndipo zikaisha. Je, alifika?

Mimi mamako