Povu jingi, nguo ngumu

Ukiona shati jeusi limekauka na mistari myeupe kwapani na kwenye mishono, usikimbilie kulaumu kiwanda. Hiyo ni sabuni yenyewe, imebaki kwenye nguo kwa sababu haikusuuzwa ikaisha. Taulo linalokwaruza mgongo, shuka linalowasha usiku, sare ya mtoto inayoanza kunuka uvundo akitoka jasho kidogo tu ingawa jana ilianuliwa inanukia: mara nyingi chanzo ni hicho hicho. Tunatia sabuni nyingi, tunasuuza kidogo, halafu tunanunua sabuni nyingine tukidhani ile ya kwanza haikuwa nzuri.

Nafulia kwenye nyumba ya kupanga hapa Dar, uani mmoja, kamba za wote. Zamani ilikuwa mikono na beseni, siku hizi nina mashine ya mapipa mawili, ile ya kujaza maji kwa ndoo. Jumamosi asubuhi unaona kila mtu na staili yake, na baada ya miaka ya kuona, nina maoni.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Sehemu nyingi za Dar maji ya kisima yana chumvi, na ni magumu. Ukifua kwa sabuni ya mche, povu halitoki. Unabaki na utando wa kijivu unaelea juu na kunata kwenye nguo. Madini yaliyomo kwenye maji, hasa kalsiamu na magnesiamu, yanashikana na sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Mtu anaona povu hakuna, anazidisha sabuni, utando nao unazidi. Sabuni ya unga inayavumilia maji ya namna hiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo kama kisima ndicho ulicho nacho, fulia unga, na yale maji ya bomba uliyojaza alfajiri, au ya mvua uliyokinga, yatunze kwa kusuuzia mara ya mwisho. Wengi wanafanya kinyume: maji mazuri yanaishia kwenye povu, ya chumvi yanabaki ya kusuuzia, na shati linakauka limekakamaa utadhani limetiwa wanga.

Najua utasema maji yananunuliwa. Kweli, na dumu la lita 20 haliendi mbali. Lakini ndiyo sababu hasa ya kupunguza sabuni, kwa kuwa kila kijiko unachozidisha kinadai maji mengine ya kukiondoa. Beseni la kawaida la nguo za kushindia, vijiko viwili au vitatu vya chakula vya unga vinatosha. Koroga kwanza mpaka uyeyuke, ndipo utie nguo. Kumwagia unga juu ya nguo zilizolowa ni tabia mbaya kabisa, kwa sababu chembe zisizoyeyuka zinakaa sehemu moja na kupausha rangi, halafu unajiuliza yale madoa mepesi kwenye kitenge yametoka wapi.

Maji nayo yanaweza kufanya kazi zaidi ya moja. Anza na nyeupe, fuata rangi nyepesi, malizia na jinzi na matambara. Maji ya suuza ya pili ya mzigo wa kwanza bado ni safi, yawe ya kulowekea mzigo wa pili. Yale ya sabuni yaliyochoka yaoshe choo na uani. Nikifua hivi nasuuza kila nguo mara mbili, nyeupe mara tatu, na sioni kama natumia maji mengi kuliko jirani anayesuuza mara moja kwenye beseni lenye povu hadi kwenye viwiko. Kabla ya kusuuza, kamua. Nguo ikiingia kwenye maji safi bado imebeba povu lake, umeyachafua maji kabla hujaanza.

Kuloweka usiku kucha ni ugonjwa wa nyumba nyingi. Nguo inalowekwa saa mbili usiku ili "uchafu ulainike", na kwa joto la Dar, asubuhi beseni linanuka. Nusu saa mpaka saa moja inatosha kwa nguo za kawaida. Baada ya hapo uchafu ulioachia unaanza kurudi kwenye kitambaa, na vijidudu vinakula raha. Nguo ikishapata uvundo huo, manukato ya kuwekea kwenye suuza hayasaidii, yanaufunika tu mpaka mwili upate joto. Dawa ni kuifua upya, isuuzwe vizuri, ianikwe penye jua kali.

Sasa jiki. Tunaitegemea mno. Kwapa za shati jeupe zikigeuka manjano, mtu anamimina jiki, na manjano inakolea. Doa lile linatokana na jasho kuchanganyika na dawa ya kuzuia jasho, na jiki inaweza kulizidisha badala ya kulitoa. Paka sabuni ya mche kwenye sehemu yenyewe, fikicha, iache ikae kidogo, kisha fua. Maji ya kisima yenye chuma nayo yakikutana na jiki yanaacha madoa ya kutu kwenye shuka jeupe, na hapo ndipo watu husema jiki ni feki. Nguo za kuvutika, hariri na sufu usizitie kabisa. Na tafadhali sana, kuna mapishi yanayozunguka kwenye simu ya kuchanganya jiki na ndimu au siki ili nguo "ziwe theluji". Usijaribu. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayochoma koo na mapafu, na bafu zetu hazina hata dirisha la maana. Vivyo hivyo kwa dawa za chooni zenye asidi.

Bluu ya kufulia haina ugomvi na mtu, ila ifunge kwenye kitambaa safi, ikoroge kwenye maji ya suuza ya mwisho, ndipo utie nguo. Ukiitupa hivi hivi utapata mashati ya mabaka.

Damu: maji baridi. Ya moto yanaigandisha kwenye kitambaa. Utomvu wa bibo na wa ndizi: hilo doa umelipata la kudumu, fanya hiyo nguo kuwa ya shamba.

Kanga mpya zinastahili maneno yao. Kila mtu ana bibi aliyemwambia aziloweke kwenye chumvi ili zisichuje. Nawaheshimu bibi zetu, lakini chumvi ya jikoni haiishiki rangi ambayo kiwandani haikushikwa sawasawa. Kinachosaidia ni kuzifua peke yake kwa maji baridi, mara kadhaa, mpaka maji yatoke meupe. Kisha zisikae zimelowa zimekunjwa pamoja, maana rangi ya pindo itahamia kwenye mji na huna wa kumdai. Nyekundu na nyeusi ndizo sumbufu zaidi.

Wenye mashine wana makosa yao. La kwanza ni kushindilia. Nguo zinasafishwa kwa kugeukageuka na kusuguana ndani ya maji. Ukijaza pipa mpaka mfuniko unalalamika, zinazunguka kama kifurushi kimoja na katikati hapaguswi. La pili ni kutia unga wa kufulia kwa mikono kwenye mashine ile ya mlango wa mbele. Unga huo umetengenezwa utoe povu jingi, na povu jingi ndani ya mashine hiyo linazuia nguo kusuguana na linaishinda suuza. Soma pakiti, kuna unga wa mashine. La tatu ni kuzisahau humo ndani zikiwa zimelowa, hasa umeme ukikatika katikati ya kazi na wewe ukatoka kwenda zako.

Kuanika tunakuchukulia kirahisi. Nyeupe ziache juani kwa raha zote, jua linazisaidia. Za rangi zigeuze ndani nje na uzianue zikishakauka, usiziache zichomeke mpaka jioni. Shati libane kwa upindo wa chini, si mabegani, na hutakuwa na yale masikio ya vibanio wakati wa kuvaa. Chini ya mwembe pana kivuli kizuri, pia pana utomvu na kunguru. Wale kunguru waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, ati wasaidie usafi wa mji. Waliowaleta wangejua kazi wanayoifanya kunguru hao kwenye shuka zangu wangewaacha India. Jioni kuna jambo jingine, mtu anawasha moto wa takataka ukutani na kamba nzima inanuka moshi. Huyo mwambie kwa upole, mkubaliane saa. Nimeona urafiki ukivunjika kwa shuka moja.

Nguo za ndani tunazificha, na hilo nalielewa. Uani kuna baba wenye nyumba, kuna watoto, kuna mafundi wanapita. Matokeo yake zinaanikwa chini ya kanga au nyuma ya mlango, hazikauki vizuri. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichimbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wake wanaingia kwenye ngozi na kufanya jipu lenye tundu. Tafuta pembe inayofikiwa na jua, funika kwa kitambaa chepesi kama unaona haya, kisha piga pasi ya moto pande zote, mishono na mipira ikiwemo. Wakati wa masika, nguo zinapokaukia ndani siku mbili tatu, pasi hiyo si urembo. Nepi na nguo za mtoto mchanga usiziruke hata siku moja.

La mwisho, kama unamlipa dada aje akufulie, mpatane bei mkiwa mnauangalia mzigo. Hii tabia ya kukubaliana beseni mbili halafu mapazia na blanketi yanatokea chumbani akishaanza ni dhuluma. Mwekee maji ya kutosha, la sivyo atasuuza mara moja na hutakuwa na haki ya kulalamika. Kagua mifuko, karatasi ya chooni ikiingia majini inapaka nguo zote nyeusi vumbi jeupe lisilotoka kwa brashi. Na chupi zako fua mwenyewe.