Anti Safari Anajibu: Barbados na watoto

SWALI: Anti shikamoo, mimi na mume wangu tunaenda Barbados mwezi wa nane na watoto wetu wawili, tiketi inapitia Marekani. Tubebe hela gani, usafiri wa kule ukoje, na bahari yao ni salama kwa watoto? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya hela, viza ya Marekani mnayo? Watu wanadhani ukibadilisha ndege tu haihitajiki, kumbe kule hata kama ni masaa mawili ya kusubiri lazima upite uhamiaji, na bila viza mtazuiwa mapema kabisa hata ndege hamtapanda. Hilo limalizeni kwanza.

Hela wanatumia dola yao wenyewe, dola 1 ya Marekani ni 2 za kwao, tangu 1975 iko hivyo hivyo. Ya Marekani wanapokea karibu kila sehemu ila chenji watakupa ya kwao, itumieni iishe kabla hamjaondoka.

Mabasi ya bluu ni ya serikali, ya njano ya watu binafsi, halafu kuna vihaisi vyeupe vinaitwa ZR, vina muziki mkubwa na mwendo wa kasi, na watoto mimi ningepanda la bluu. Muwe na hela kamili maana dereva harudishi chenji. Teksi hazina mita, patana bei kwanza.

Sasa bahari, hapa nisikilize vizuri. Kaeni upande wa magharibi, Holetown na Paynes Bay, maji yametulia. Bathsheba upande wa mashariki pazuri mno kwa macho lakini mkondo wake unavuta hata mtu mzima, msiogelee. Na huko huko magharibi ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, una vitunda vya kijani kama epo changa, ni sumu, utomvu wake unababua ngozi na hata mvua ikinyesha msijifiche chini yake jamani, matone yanaunguza. Mingi imepigwa rangi nyekundu kwenye shina, waonyesheni watoto siku ya kwanza kabisa.

Nguo za mabaka ya jeshi ziacheni nyumbani, hata za mtoto, sheria yao inakataza raia kuzivaa. Mwezi wa nane pia ni msimu wa vimbunga, unaanza wa sita hadi wa kumi na moja, kwa hiyo kateni bima ya safari inayolipia ndege ikiahirishwa. Ambulansi ni 511, polisi 211.