Jibu: Nembo ya mahojiano ya wazee wa Mji wa Kale

Ndugu, umeuliza kama nembo ya mahojiano yako na wazee iwe na zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, Mombasa, pamoja na jahazi. Mimi ningeacha vyote viwili. Pembe zimeshachoka kwenye fulana za watalii, na jahazi na kamba zake zote likibanwa kwenye duara la picha ya chaneli ya YouTube hubaki doa tu.

Tazama kanga. Ina pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yake), na jina lina kisanduku chake, herufi kubwa zisizo na mapambo. Chukua mpangilio huo: pindo jembamba, jina la kipindi kwa herufi nene, basi. Kwenye duara bakiza ua moja la nakshi ya mlango.

Rangi ndiyo itakayokusumbua. Mzee amevaa kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa. Ukiandika jina lake kwa nyeupe halionekani. Weka utepe wa buluu iliyokolea nyuma ya maandishi. Video ikiwa 1920 kwa 1080, acha pikseli 96 tupu kulia na kushoto, 54 juu na chini, maandishi yasifike ukingoni. Picha ya jalada usiiandike kona ya chini kulia, YouTube huweka muda wa video hapo.

Mchoraji akimaliza dai faili la SVG pia, ambalo hukuzwa bila kuharibika, si picha ya PNG peke yake. Na ile fonti ya kuigiza Kiarabu uliyoituma, hapana, tafadhali. Ukitaka Kiarabu, mtafute mjuzi wa khati akuandikie.