Muulize Hajati: Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya kipimo cha ubongo

Hajati ni muuguzi mstaafu anayeishi Bombo. Alianzia wodi za serikali, akamalizia kwenye kliniki binafsi ya ubongo na mishipa ya fahamu jijini Kampala.

Asalaam aleikum Hajati. Mwanangu ana miaka 17, anasoma hapa Arua. Tangu Ramadhani ameanguka mara tatu, anakakamaa na kutoa povu. Shemeji yangu ametutafutia kliniki binafsi Kampala. Kwenye simu wamesema twende na pesa ya EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na MRI (picha ya ndani ya kichwa) kabisa. Baba yake anataka kuuza ng'ombe wawili. Huko watamfanyia nini ambacho hapa hakipo? Na majirani wananikataza kugusa lile povu. – Mama Kijana, Arua

Waaleikum salaam, mama. Tuanze na majirani. Povu lile ni mate tu, halimwambukizi mtu kifafa. Akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni wala kumshika kwa nguvu. Ikipita dakika 5 bado anatikisika, au akirudia kabla hajapata fahamu, ni hospitali moja kwa moja.

Sasa ng'ombe. Waacheni zizini kwanza. Hospitali ya rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili, na hapa Uganda huko ndiko wagonjwa wengi wa kifafa wanakotibiwa. Usione haya kwa jina la kitengo. Hakuna anayesema mwanao ni kichaa. Ada za matibabu kwenye hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001. Siku nyingine dawa zinakwisha, hilo sote tunalijua, lakini dawa zenyewe za kuanzia ni zilezile utakazoandikiwa Kampala. Wengi zikiwafaa, wakazimeza kila siku bila kuruka, hawaanguki tena.

Bingwa anahitajika pale dawa imetumika sawasawa na kijana bado anaanguka, au wanaomtibu wana shaka kama kweli ni kifafa, au kinaanzia upande mmoja wa mwili. Hapo nenda, na ujue unalipia nini. Mimi nasema unalipia masikio ya daktari kabla ya mashine. Bingwa mzuri atakaa nanyi muda mrefu akiuliza mambo utakayoona ya kipuuzi: macho yalikuwa wazi au yamefumba? Kichwa kiligeukia wapi? Mkono upi ulianza? Aliuma ulimi, ubavuni au nchani? Alijikojolea? Ilichukua muda gani kabla ya kukumbuka jina lake? Kijana mwenyewe hawezi kujibu, alikuwa hayupo. Kwa hiyo anayepanda basi naye awe yule aliyeshuhudia, hata kama ni mdogo wake wa miaka 12, si baba mwenye pesa aliyekuwa sokoni. Na mkiweza kumrekodi kwa simu akiwa ameanguka, mwili mzima uonekane, video hiyo inaweza kumsaidia daktari kuliko picha ya bei ghali.

Ndiyo maana sikupenda jibu ulilopewa kwenye simu. MRI haiagizwi na mtu wa mapokezi. Piga tena uulize bei ya kumwona daktari peke yake, bei ya EEG peke yake, na kama marudio yanalipiwa upya. Picha ya kichwa huenda ikahitajika kweli, hasa kwa umri wake. Kwetu huku kuna mayai ya tegu wa nguruwe, yanaingia mwilini kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu, halafu yanafanya vifuko ndani ya ubongo. Hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, baada ya kumsikiliza na kumpima.

EEG haiumi, wala haimtii mtu umeme. Inasoma tu umeme wa ubongo wenyewe. Watambandika waya ndogo kichwani kwa mafuta mazito kama dawa ya meno, atapumua kwa nguvu dakika chache, atamulikwa taa za kumetameta. Aoshe nywele jana yake, asipake mafuta. (Dada wenye rasta na wigi, hili linawahusu zaidi. Nimeona watu wakifumuliwa nywele koridoni huku foleni ikinuna.) Ale kama kawaida, wala asiache dawa ila daktari akisema. Na majibu yakitoka safi, hiyo si hati ya kwamba hana kifafa. Kipimo cha mara moja huwakosa wengi wenye ugonjwa.

La mwisho, msipande basi la usiku. Mabasi ya Arua yanapita hapa Bombo alfajiri, nawaona abiria macho mekundu. Kukosa usingizi kunaamsha kifafa, na kumlaza ubavu kijana wa miaka 17 kati ya viti na magunia si kazi ya kujitakia. Safirini mchana, mlale kwa shemeji.

Hajati, mimi ni dereva wa lori, Malaba. Kichwa kinauma karibu kila siku. Kliniki moja ilinipiga MRI, daktari akaniona chini ya dakika kumi, akasema picha ni safi, akaandika dawa. Nilipoomba picha, mapokezi wakasema ni mali ya kliniki. Kweli? – Dereva

Nakala ni haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako zinazoshikiliwa na mtu au taasisi. Andika barua fupi, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wao. Utashangaa jinsi muhuri unavyolegeza ndimi.

Lakini nikuulize: ulivua viatu? Alikumulika machoni, akakugonga magoti kwa kinyundo, akakukwaruza unyayo, akakutembeza mstari mmoja? Kama hapana, umepigwa picha, hujapimwa. Swali la pili ni vidonge vya maumivu. Vile vya kawaida ukivimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vya mchanganyiko (dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja) siku 10 au zaidi, kwa miezi kadhaa, vyenyewe vinageuka kuwa chanzo cha kuumwa kichwa. Madereva wa njia ya Mombasa nawafahamu. Vidonge viko kwenye dashibodi pamoja na karanga. Hesabu vyako, umwambie daktari ukweli.

Hajati, niko kambini Kyangwali, nimetoka Kongo. Ninakunywa fenobabito ya kifafa na niko na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Rafiki anasema haviendani. Niache gani? – Mama Furaha

Usiache dawa ya kifafa, mama. Kuikata ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa kuanguka unaoua. Rafiki yako amesema kweli. Fenobabito, fenitoini na kabamazepini zinalifanya ini livunje haraka homoni za kijiti, na mimba inaweza kuingia. Nenda kituo cha afya uulizie sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba, na hadi hapo tumieni kondomu. Kuna dawa nyingine ya kifafa, valproeti. Wakitaka kukuhamishia hiyo, waambie kwanza kwamba bado uko kwenye umri wa kuzaa, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kama unameza dawa za virusi vya UKIMWI, sema. Baadhi zinagongana na hizi.

Hajati, bibi yangu alipinda mdomo ghafla na mkono ukalegea. Tulimkimbiza kliniki binafsi ya ubongo, mlinzi akatwambia langoni twende hospitali. Kliniki ya ubongo inakataaje mgonjwa wa ubongo? – Mjukuu, Jinja

Mlinzi hakupaswa kuwa ndiye daktari. Angetoka muuguzi, apime presha na sukari, awaandikie rufaa na kupiga simu mbele. Ila mahali alipowaelekeza palikuwa sahihi. Kiharusi kinataka picha ya CT kwanza ijulikane ni damu iliyoganda au mshipa uliopasuka, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, palipo nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kliniki nyingi za aina hiyo hazina kitanda wala mashine hiyo. Mpeleke huko baadaye, akisharuhusiwa, kwa ajili ya presha, mazoezi ya mkono na kumeza chakula. Na andika saa dalili zilipoanza. Hilo ndilo swali la kwanza hospitalini.